Mtambo wa biogesi wa kuba na nyasi za kando ya Ondiri: alama zangu

Naanza na alama, maana najua wengine mtasoma hapo tu kisha mwende zenu. Mtambo wenyewe, wa kutengeneza gesi ya kupikia kutokana na samadi, wa kuba, mita za ujazo 8, umepata nne na nusu kwa tano. Fundi aliyeujenga, tano. Jiko nililouziwa pamoja nao, mbili, na hata hizo mbili nimelihurumia. Halafu kuna ile ahadi ya wauzaji kwamba mtambo "unakula chochote kinachooza", nyasi zikiwemo. Hiyo nimeipa tatu, nayo ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndilo swali ninaloulizwa na kila mteja anayechungulia jikoni kwangu na kuuona moto wa bluu.

Nina hoteli ndogo Kikuyu, hoteli ya mabenchi, si ya vitanda. Githeri, chapati, maharagwe, chai, na Jumamosi matumbo. Nyuma ya hoteli ndiko nyumbani: ng'ombe wawili wa maziwa wanaolishiwa zizini, kuku wasio na adabu, na kipande cha shamba kinachoteremka mpaka karibu na Ondiri. Asiyeijua Ondiri, ni kinamasi cha zaidi ya hekta 30 kilicho karibu kabisa na mji wetu, na kutoka humo Mto Nairobi unaanza safari yake. Ukikanyaga katikati, ardhi inatikisika, maana si ardhi kamili. Ni mizizi na mimea iliyokufa, imefumana juu ya maji. Chini kuna udongo mweusi ambao wataalamu huuita piti: majani ya miaka mingi mno yaliyolala majini bila kuoza kwa sababu hewa haiwafikii wadudu wa kuyaozesha, wale wadogo wasioonekana kwa macho.

Sikuingia biogesi kwa mapenzi ya mazingira. Niliingia kwa hasira ya mtungi. Julai 2021 gesi ya kupikia iliwekewa VAT ya asilimia 16, na haukupita muda mrefu mtungi wa kilo 13 ukavuka elfu tatu. Makaa nayo yalikuwa yamepanda tangu marufuku ya kukata miti ya 2018. Kodi ile ilipunguzwa mwaka wa 2022 na kuondolewa 2023, lakini kufikia hapo mimi nilikuwa nimeshachimba shimo, na shimo halirudishwi dukani.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni mfuko: mpira mzito unaolazwa kwenye mtaro, unaunganishiwa mabomba, siku hiyo hiyo kazi imekwisha. Niliuona kwa jirani na sina ubaya nao, ila mimi nina kuku, nina wajukuu, na nina kijana wa kukata majani ambaye panga lake huenda linakotaka. Ya pili ni kuba la matofali linalozikwa ardhini, na hiyo ndiyo niliyochagua. Mchoro wake umetoka mbali kidogo: asili yake ni CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini kule Arusha, miaka ya 1980, kisha ukarekebishwa huku kwetu na kupewa jina la KENBIM. Mafundi wengi wa Kenya wanaoujua waliufundishwa katika mpango wa biogesi ulioanza 2009, uliozihusisha pia Tanzania, Uganda, Ethiopia na Burkina Faso.

Sasa fundi. Alikuja, hakutoa kalamu, hakutaja bei. Aliomba kuona ng'ombe. Akawaangalia, akauliza wanakula nini, wanakunywa maji kiasi gani, samadi yao inafagiliwa mara ngapi. Baadaye akauliza mtambo nitauweka wapi. Nikamwonyesha kule chini karibu na bwawa, kwa kuwa pale juu nilipanga kupanda sukuma. Akachimba kishimo cha kujaribu, akaniambia tusubiri mpaka kesho. Asubuhi kilikuwa na maji ya kuogea bata.

"Mama, hapa nitakujengea kisima," akasema. "Mtambo tuupeleke juu."

Alinieleza kwamba kuba likiwa tupu kwenye udongo uliojaa maji husukumwa kutoka chini, na likishasukumwa linapasuka, na kuba lililopasuka haliweki gesi. Kwa hiyo sukuma zikahamishwa, mtambo ukakaa chini kidogo ya zizi, samadi inateremka yenyewe kwa mfereji bila mtu kubeba ndoo. Kwa hilo peke yake fundi alistahili tano. Wapo mafundi ambao wangenijengea pale pale nilipoonyesha kwa sababu mwenye pesa amesema, na ninamjua mama mmoja upande wa chini aliyejengewa hivyo. Mtambo wake leo ni tangi la maji machafu.

Kazi yenyewe sitaieleza tofali kwa tofali. Shimo la duara, msingi, kuba, chumba cha kuchanganyia upande wa zizi, chumba cha kufurikia upande wa shamba. Kinachofaa kuangaliwa ni plasta ya ndani, kwa sababu gesi hutoroka hata pale ambapo maji hayapiti. Fundi wangu alipaka tabaka juu ya tabaka, akaziba kwa saruji laini iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, akajaza maji na kupima kama yanashuka kabla hajaruhusu hata kijiko cha samadi kuingia. Ukijumlisha matofali, saruji, mabomba na kazi, nililipa laki moja na kitu. Mtungi wa kwanza wa samadi, yaani ule wa kujazia, niliupata kwa kuomba kwa majirani, kwani ng'ombe wawili wangechukua wiki nyingi kuujaza. Gesi ya mwanzo haikuwaka. Fundi alikuwa ameshanionya kwamba hiyo ni hewa ya kaboni zaidi, niiachilie iende. Nikaiachilia, na baadaye ikaja inayoshika moto.

Kwa samadi pekee, hesabu ni hii. Naingiza kama kilo 30 kwa siku, na maji kiasi hicho hicho. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa karibu lita 40 za gesi mambo yakiwa mazuri. Hiyo ni mita moja ya ujazo na kidogo kwa siku. Jiko moja likiwa wazi hula lita 300 hadi 400 kwa saa. Fanya hesabu mwenyewe: saa tatu, nne ukibana. Kwa mwezi mzima napata nguvu inayokaribia mtungi mmoja na robo wa kilo 13. Kwa familia ya watu watano hiyo ni chai, uji, mboga na ugali, na mtungi unaweza kuuza. Kwa hoteli ya githeri si kitu. Mahindi makavu na maharagwe yanataka moto wa saa tatu hata ukiyaloweka usiku kucha, na yakishaiva gesi ya siku nzima imekwenda, chapati bado unga. Nilipunguza kwa kutumia kikapu cha kuhifadhi joto: githeri ikichemka nusu saa inaingizwa kikapuni na blanketi, inamalizia humo polepole. Hata hivyo pengo likabaki.

Hapo ndipo nyasi zilipoingia. Kwenye maonyesho ya kilimo nilikuwa nimesikia muuzaji mmoja akiahidi kwamba mtambo unaweza kulishwa nyasi tupu, ng'ombe wa nini tena, na watu wakapiga makofi. Nami kule chini nina ukingo wa bwawa unaoota usiku na mchana.

Nadharia inavutia, na si uongo. Samadi ni chakula kilichokwisha kuliwa. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne na amechukua kila alichoweza. Tunachotia kwenye mtambo ni makombo yake. Majani machanga bado yana sukari na nguvu zao zote. Kilo moja ya majani machanga mabichi inaweza kutoa gesi mara mbili ya kilo moja ya samadi. Ukiambiwa hivyo, kweli utapiga makofi.

Nilianza na nepia, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Ilikuwa nepia ndefu, ile iliyoachwa mpaka imekuwa miwa, ng'ombe wenyewe wanaacha mashina. Kijana aliikata kwa panga vipande vya urefu wa kidole, tukaitumbukiza. Gesi haikuongezeka. Kilichoongezeka ni kitu kingine: nyasi zilielea. Samadi huzama na kuchanganyika, lakini nyasi zina hewa ndani ya mashina, zinapanda juu, zinashikana na kuwa tabaka gumu juu ya tope. Gesi inayotoka chini inakwama chini ya tabaka hilo. Siku ikafika tope likaacha kutoka kwenye chumba cha kufurikia, na mishikaki ya nyasi ikawa imeziba njia. Fundi alikuja na mti mrefu, akasokota, akavuta, akatoa kamba ya nyasi ambayo ungeweza kufungia ng'ombe. Hakunitoza. Aliomba githeri mbili na chai, na huo ndio ukarimu ninaousema.

Alichonifundisha siku ile ndicho ninachokitumia mpaka leo. Nyasi zikatwe kwa mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, ziwe fupi kama ukucha. Zilowekwe siku mbili tatu kwenye pipa lenye tope lililotoka mtamboni, ili wadudu wa kuchachusha wazianze nje, na hewa ya kwenye mashina itoke. Kisha ziingie kidogo kidogo, kilo moja kwa kila kilo tano za samadi, zisizidi hapo. Ukizidisha ghafla mtambo unakuwa mchungu: asidi inapanda, wale wadudu wa kutengeneza methani, yaani ile sehemu ya gesi inayowaka, wanalegea, na gesi inayotoka haishiki moto hata ukiwasha njiti saba. Unajua umefika huko kwa harufu, inakuwa ya maziwa yaliyoharibika badala ya zizi. Dawa yake ni kuacha nyasi kabisa na kurudi kwenye samadi mpaka moto urudi.

Kwa maneno ya jikoni, nyasi ni chumvi ya mtambo. Ugali ni samadi. Yule muuzaji wa nyasi tupu ningependa aje nimkaribishe chai tuzungumze.

Lakini kilichobadilisha mambo zaidi ni umri wa jani. Jani linapozeeka linajenga linini, ule ugumu unaofanya shina lisimame, na linini haiozi mahali pasipo hewa. Wadudu wa mtamboni hawaigusi, na wala mwaka mzima hautaibadilisha. Nepia iliyokatwa ikifika magotini hadi kiunoni inayeyuka vizuri. Ikishakupita kichwa ni kuni, ikaushe uiwashe. Nyasi zilizonipendeza kuliko zote ni zile fupi zinazotambaa, ambazo dunia nzima inaziita kwa jina letu, nyasi za Kikuyu, hata Australia na New Zealand wanazilishia ng'ombe kwa jina hilo. Ni laini, hazina shina la kusimama, zinavumilia unyevu wa ukingoni, ukizifyeka zinarudi zenyewe bila kupandwa upya. Zikikatwa vizuri na kulowekwa hazielei kwa kiburi kama nepia. Kilo tano au sita za nyasi hizi kwa siku zinaniongezea karibu saa moja ya moto. Saa moja hiyo ndiyo chapati zangu.

Matete na yale manyasi makali ya ndani ya maji niliyajaribu pia. Machanga kabisa, yale yanayochipuka baada ya kufyekwa, yanafaa kiasi. Makubwa hayafai kitu. Na wasomaji wa Siaya na Kisumu mtaniuliza mafunjo, najua, kwa kuwa kwenye kinamasi cha Yala mnayo mpaka yanawachosha. Mafunjo yaliyokomaa yana shina gumu, na kama huna njia ya kuyasaga na kuyalainisha kwanza utaishia kuziba bomba. Si ajabu pale ufukwe wa Dunga, Kisumu, walipojaribu biogesi ya mimea ya ziwani walichukua gugu-maji, ambalo ni maji matupu na nyama laini.

Hapa lazima niseme jambo la bwawa lenyewe, kwa sababu limegusa alama yangu.

Nepia haipendi kusimama majini. Mizizi yake inaoza. Kwa hiyo mtu anayetaka nepia nyingi kando ya Ondiri anachofanya ni kuchimba mtaro, maji yashuke, udongo mweusi ukauke juu, apande. Jirani yangu mmoja, Guka anayeheshimika, alifanya hivyo, na misimu ya mwanzo nepia yake ilikuwa ya kupigwa picha. Udongo ule una rutuba ya kutisha ukipata hewa, na sababu ya rutuba hiyo ni kwamba umeanza kuoza. Yale majani yaliyolala majini tangu enzi za mababu yanaamka, yanageuka kaboni dayoksaidi na kwenda hewani, na shamba linashuka. Nguzo za ua wake, alizozichimbia chini, leo miguu yake iko nje. Nilimwambia, "Guka, shamba lako linazama." Akacheka, akaniambia linazama polepole kuliko yeye.

Sasa ukikausha kinamasi ili upande nyasi za kutengeneza gesi safi, umefanya nini? Umeuza ng'ombe ili ununue maziwa. Udongo wa aina hii unafunika kama asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini una kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote. Ulio mkubwa zaidi katika nchi za joto uko kwa majirani zetu, Bonde la Kongo, kati ya Kongo mbili: ramani yake ilichapishwa 2017, kilomita za mraba 145,500, na tani bilioni 30 hivi za kaboni ndani yake. Rwanda nao wanao kwenye mabonde yao, ila wao wameuchimba na kuuchoma kutengeneza stima, Gishoma kwanza na baadaye Gisagara. Siwahukumu, stima ni stima. Ila ukishauchoma umekwisha, na nyasi za juu yake zingeota kila mwaka.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba nakata kinachoota kwenye unyevu bila kuchimba mtaro. Ndiyo maana nyasi za Kikuyu na machipukizi ya matete yamepata alama kuliko nepia. Kijana analeta kwa mkokoteni, nalipa kwa mzigo, tunakata juu ya maji, mizizi hatuigusi, na sehemu tuliyokata tunaiacha ipumzike mpaka irudi. Wale wa kikundi cha kulinda bwawa walikuja kuangalia mara ya kwanza wakiwa wamenuna. Nilipowaonyesha hatuchimbi, wakaomba chai. Karibu kila mtu katika habari hii ameishia kuomba chai.

Mpwa wangu anasoma Greifswald, kaskazini-mashariki mwa Ujerumani, mji ambao wataalamu wake wa vinamasi wanajulikana kote. Nilimtumia picha ya pipa langu la kulowekea nyasi. Akajibu, "Tata, huku hii ni digrii." Wajerumani walikausha zaidi ya asilimia 90 ya vinamasi vyao kwa karne kadhaa, na leo udongo huo uliokaushwa ndio unaotoa karibu asilimia 7 ya hewa chafu ya nchi nzima. Sasa wanajaribu kurudisha maji na kulima humo humo kwenye maji: matete, nyasi za majini za kudumu, vitu vinavyovunwa kila mwaka bila kulima. Mashine zao zina minyororo mipana, za aina iliyobuniwa kwa ajili ya theluji, ili zisizame. Nyasi zilizokatwa mapema, zikiwa bado laini, zinaweza kwenda kwenye mitambo ya biogesi. Wanayo mitambo isiyotaka tope kama la kwangu: vyumba kama gereji, nyasi zinasukumwa ndani na tingatinga, mlango unafungwa, zinanyunyiziwa maji yenye wadudu yanayozungushwa, zinaachwa wiki kadhaa. Kwenye gereji hakuna kuelea. Nilipoona hivyo nilimwonea wivu mwenye gereji.

Lakini angalia walichofanya Malchin, mji mdogo wa huko huko. Tangu 2014 wana kituo cha kupasha nyumba joto chenye nguvu ya kilowati 800, kinachotumia nyasi za mbuga zenye maji zilizo karibu, na kinapasha moto nyumba zaidi ya 500 pamoja na shule. Wao hawatengenezi gesi. Wanazichoma. Nyasi zinavunwa zikiwa zimekomaa na kukauka, na nyasi ya hivyo, kama nilivyosema kuhusu nepia iliyokupita kichwa, mtambo wa gesi hauitaki na moto unaipenda. Niliposoma habari hiyo nilifurahi kuliko mpwa wangu alivyotarajia, kwa sababu ilinithibitishia kwamba lile bomba lililoziba halikuwa la Kikuyu peke yake.

Baridi. Hili wauzaji hawalitaji kabisa. Tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Wale wadudu wa methani wanapenda joto la kama nyuzi 35, na chini ya 15 wanakaribia kulala. Kuba liko ardhini kwa hiyo halipati baridi ya ghafla, na hiyo ni faida kubwa juu ya mfuko. Lakini Julai na Agosti, ukungu ukikaa mpaka saa sita mchana, gesi yangu inashuka wazi wazi, na nyasi ndizo zinazochelewa zaidi. Miezi hiyo napunguza nyasi, nachanganya samadi na maji yaliyoanikwa juani, na mtungi wa dukani unarudi jikoni bila aibu. Mtu wa Kisumu au Mombasa hatalijua tatizo hili.

Harufu? Wateja huuliza wakiwa wameshika sahani. Gesi mbichi ina harufu ya yai viza, ni salfa. Ikiwaka, haina harufu. Ukiisikia jikoni kuna kitu kinavuja, funga koki, fungua madirisha, tafuta kwa maji ya sabuni na wala si kwa njiti. Salfa hiyo hiyo ndiyo iliyolimaliza jiko. Lile nililouziwa lilikuwa la bati jembamba, vichwa vyake vikaota kutu na koki ikaanza kukwama, na aliyeniuzia hakupokea simu tena. Nilinunua la chuma cha kumiminwa kutoka kwa fundi wa vyuma, matundu yake makubwa kuliko ya gesi ya mtungi, kama inavyotakiwa, maana biogesi ina msukumo mdogo na methani yake ni asilimia 60 hivi tu. Hilo la pili lingepata nne. Na kumbuka kumwaga maji kwenye bomba, lile kona la chini kabisa lenye koki ndogo. Gesi hutoka na unyevu, unyevu unakusanyika hapo, na moto unaanza kucheza na kukohoa. Watu hudhani mtambo umekufa kumbe ni nusu kikombe cha maji.

Tope linalotoka ndilo ambalo sikulitegemea. Sukuma zangu zilizohamishwa kwa ajili ya mtambo zinakunywa tope hilo na majani yake yamekuwa ya kufunika uso. Tangu nianze kutia nyasi tope limekuwa zito kidogo na lina nyuzi, nalichuja kwa gunia kabla ya kulimwaga, nyuzi zinaenda chini ya migomba. Mbolea ya dukani sijanunua tena kwa kile kipande. Ukiweka thamani yake kwenye hesabu, mtambo unajilipa mapema kuliko kwa gesi pekee, na kama ningekuwa sina hoteli ningesema nilinunua kiwanda cha mbolea kinachotoa gesi pembeni.

Kwa nani, basi? Mwenye ng'ombe wawili wanaolala zizini, maji karibu, na nafasi isiyojaa maji chini: jenga, usisubiri. Mwenye ng'ombe mmoja na ukingo wa nyasi laini: jenga mdogo wa mita 6 au hata 4, na nunua au kodi mashine ya kukatia kabla hujalipa fundi, maana bila mashine nyasi ni balaa. Asiye na ng'ombe kabisa, mwenye nyasi tu, simshauri, hata kama zinaota mpaka mlangoni. Samadi ndiyo inayoleta wadudu wapya kila siku na kuuweka mtambo sawa. Mwenye shamba kubwa na mtaji anaweza kufikiria vingine. Kule Naivasha kuna mtambo wa megawati 2.2 uliojengwa 2015 unaolishwa mabaki ya mboga, na huko kuna wahandisi, si kijana mmoja na panga.

Anayetaka kuona wangu aje baada ya saa nane, watu wa chakula cha mchana wakishaondoka. Asije Jumamosi, siku hiyo nina matumbo.